Shajara ya mradi: kijitabu cha mbegu za GM, kuanzia ukurasa wa funza

Wiki ya 1

Lengo, kwa sentensi moja ili nisipotee njiani: kijitabu cha kurasa 16 cha mkulima aliyeamua kupanda mbegu za GM, yaani zilizobadilishwa jeni, au anayefikiria kuzipanda, kinachomweleza faida zake na masharti ambayo yakivunjwa faida hizo hazidumu. Hakimshawishi apande wala hakimtishi asipande. Vya namna hizo mbili vipo tele.

Tuko wawili. Mimi naandika, mwenzangu, bwana shamba mstaafu, anapitia kila ukurasa kabla haujaenda kwa wakulima watano waliojitolea kusoma rasimu. Humu nitamwita Mzee, kama ninavyomwita tukiongea.

Mpangilio wa kwanza: faida kurasa sita, jinsi mbegu inavyofanya kazi kurasa tatu, masharti kurasa nne, maswali kurasa tatu. Mzee kautazama akasema, "Masharti umeyaficha uani." Sikumjibu. Nimeuacha ulivyo kwanza.

Wiki ya 2

Kurasa za faida zimeandikika haraka, pengine haraka mno.

Nimeanza na uchambuzi wa watafiti wawili, Klümper na Qaim, wa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 147. Kwa wastani, matumizi ya dawa za kemikali yalipungua kwa asilimia 37, mavuno yaliongezeka kwa asilimia 22 na faida ya mkulima ikapanda kwa asilimia 68. Namba tamu. Mzee alizizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: "Wastani wa nani?" Ana haki. Ndani ya wastani huo mna mashamba yaliyokuwa yakimalizwa na funza, na mengine ambayo funza alikuwa mgeni wa siku mbili.

Kwa hiyo nimeandika upya. Jeni ya Bt, ile inayoufanya mmea uue funza wanaoutafuna, haiongezi mavuno, inazuia yasiliwe. Mwaka ambao funza hawakuja, mkulima amelipia ulinzi ambao haukuitwa kazini. Ripoti ya Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani ya 2016 inasema jambo linaloendana na hilo: takwimu za taifa zima hazikuonyesha kwamba GM iliongeza kasi ya kupanda kwa mavuno. Ripoti hiyohiyo haikupata ushahidi kwamba vyakula vya GM vilivyopo sokoni ni hatari zaidi kwa afya kuliko vya kawaida. Nimeyaweka yote mawili ukurasa mmoja. Anayependa GM atachukia nusu ya ukurasa na anayeichukia atachukia nusu nyingine. Nadhani hapo ndipo unapotakiwa kuwa.

Mifano niliyobakiza ni miwili. Kwanza ni mpapai wa Hawaii: virusi vya madoa ya pete vilifika eneo la Puna, kitovu cha kilimo cha mapapai, mwaka 1992, na mwaka 1998 wakulima wakapewa mbegu yenye kinga iliyotengenezwa na kundi la Dennis Gonsalves. Hapa dawa ya kupulizia haikuwepo kabisa; ama kinga ndani ya mmea, ama mashamba yang'olewe. Pili ni biringanya ya Bt ya Bangladesh, iliyoanza na wakulima 20 tu mwaka 2014. Nimeipenda kwa sababu si chotara, hivyo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu zake, na ni zao ambalo wakulima walikuwa wakilipulizia dawa mara nyingi sana kwa msimu mmoja. Huyo aliyekuwa na bomba mgongoni ndiye anayepata faida ya kwanza, kabla ya mavuno.

Wiki ya 3

Tumeandika sehemu ya jinsi Bt inavyofanya kazi. Bacillus thuringiensis ni bakteria wa udongoni. Mjapani Ishiwata alimkuta mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri, na Mjerumani Berliner, aliyemkuta tena mwaka 1911, akampa jina kutokana na jimbo la Thuringia. Wakulima wa kilimo hai wamekuwa wakimpulizia kama dawa kwa miongo mingi. Kilichofanyika kwenye mbegu ni kuhamisha jeni inayotengeneza protini yake, ili mmea uitengeneze wenyewe. Funza akitafuna jani, protini inajishika kwenye ukuta wa utumbo wake na kuutoboa. Anaacha kula mapema, kufa kunafuata baadaye. Mdudu ambaye utumbo wake hauna mahali pa protini hiyo kujishika hadhuriki.

Kutokana na hilo kuna sharti ambalo wengi hulisahau: Bt haigusi wadudu wafyonzao. Kule China, wakulima wa pamba walipopunguza kupulizia dawa ya funza, wadudu wafyonzao ambao zamani walikuwa wakifa kwa dawa hiyohiyo waliongezeka. Kupanda Bt hakumwondolei mtu wajibu wa kutembea shambani na kugeuza majani.

Kisha tukafika kwenye kimbilio, na mradi ukasimama.

Kimbilio ni sehemu ya shamba inayopandwa mbegu ya kawaida, isiyo ya Bt, ili funza wanyonge, wale ambao Bt inawaua, waishi humo. Funza wachache sana wenye usugu wakiponea kwenye Bt, wakawa nondo, wanakutana na maelfu ya nondo wanyonge kutoka kwenye kimbilio na kuzaa nao. Watoto wanaotokana na ndoa hiyo wanakuwa na nakala moja tu ya jeni ya usugu, na kama mmea una sumu ya kutosha, nao wanakufa.

Niliona maelezo yamenyooka. Majibu ya wasomaji watano yalirudi hivi: wawili hawakuelewa. Mmoja alielewa kwamba kimbilio ni mahali funza wanapokimbilia wakiogopa Bt, kwa hiyo akaniuliza apulizie dawa gani hapo ili awamalize. Wa nne hakujibu. Wa tano, mama mwenye umri wa kunizaa, alielewa kila neno, na akanipigia simu:

"Mwanangu, yaani ninunue mbegu ya kuua funza, halafu nipande na chakula cha funza?"

"Ndiyo, mama."

"Na chakula hicho nisikipulizie dawa?"

"Usikipulizie, mama."

Akacheka sana. Kisha akasema atakisoma tena, ila niandike vizuri kwa nini, maana hapo nilipoandika ni kama nimetunga kitendawili nikasahau jibu.

Wiki ya 4 na ya 5

Nimeacha kuandika, nimefungua lahajedwali. Kama siwezi kuonyesha kwa hesabu, sina haki ya kumwambia mtu atoe sehemu ya shamba lake.

Modeli ni ndogo. Kila funza ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nimechukulia kwamba katika kila nakala 1,000, moja ni ya usugu. Mwenye nakala mbili za usugu anaponea kwenye Bt; mwenye moja au asiye nayo anakufa. Funza sugu kamili kwa hesabu hiyo ni mmoja katika milioni. Nondo wanazaa bila kuchaguana. Swali: baada ya vizazi vingapi nusu ya nakala zote zitakuwa za usugu?

Kimbilio la asilimia 20: zaidi ya vizazi 250.

Kimbilio la asilimia 5: hamsini na kitu.

Bila kimbilio: kizazi kimoja. Wanyonge wote wamekufa, na yule mmoja katika milioni akimpata mwenzake, watoto wote ni sugu. Ni kweli kwamba watakuwa wachache mno mwanzoni, na shamba litaonekana safi kabisa. Huo ndio ubaya wake: msimu unaopendeza kuliko yote ndio unaozaa tatizo.

Hapo nilikuwa tayari kushangilia. Mzee akauliza maswali mawili, na yamekula wiki nzima.

La kwanza: "Na akipulizia dawa kwenye kimbilio?" Nimeingiza dawa inayoua robo tatu ya funza wa kimbilio. Asilimia 20 inageuka kuwa sawa na kimbilio la karibu asilimia 6. Nilipoona jibu hilo nikakumbuka kanuni za pamba ya Bt za Marekani, zilizokuwa zikimpa mkulima achague: asilimia 20 anayoruhusiwa kuipulizia, au asilimia 5 asiyoigusa kabisa. Nimekuwa nikizisoma namba hizo kwa miaka kama sheria tu. Kumbe ni hesabu ileile kwa sura mbili. (Pia kuna njia ya pili ya kulivuruga: kulipulizia kimbilio dawa ya Bt yenyewe. Anayefanya hivyo amelifuta.)

La pili lilikuwa baya zaidi: "Na kama mwenye nakala moja hafi?" Modeli yangu ilichukulia kwamba mmea una sumu ya kutosha kumuua. Nimebadilisha kidogo tu: katika kila kumi wenye nakala moja, mmoja aponee. Kimbilio la asilimia 20, lililokuwa likitupa zaidi ya vizazi 250, sasa halifikishi 20. La asilimia 5 halifikishi hata 10.

Hilo si jambo la kwenye karatasi. Afrika Kusini ilianza kupanda mahindi ya Bt mwaka 1998, na mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba funza wa mabua, Busseola fusca, ameshakuwa sugu. Miaka ya mwanzo wengi hawakupanda kimbilio, na lawama zote zikaenda huko. Baadaye, mwaka 2013, watafiti wakaonyesha kwamba usugu wa funza huyo ni wa aina isiyojificha: nakala moja inatosha kumwokoa. Kwa mdudu wa namna hiyo, kimbilio pekee ni kuchota maji kwa pakacha. Panahitajika mmea wenye protini mbili au zaidi zinazoua kwa njia tofauti, ili aliyeponea moja aanguke kwa nyingine.

Kwa hiyo sentensi niliyokuwa nimeiandika kwa wino wa kujiamini, "Panda kimbilio na mbegu yako itadumu," nimeifuta. Badala yake: panda kimbilio kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko wa mbegu hiyo, kwa zao hilo, kwa mdudu huyo. Kiasi cha jirani mwenye mbegu nyingine si chako.

Wiki ya 6

Nilitaka mfano mmoja ambao hauhitaji hesabu. Nimeupata, na sasa naona ndio uti wa mgongo wa kijitabu.

Mdudu ni mmoja: yule funza wa waridi anayekula mbegu za pamba ndani ya kitumba. Jimbo la Arizona nchini Marekani lilianza pamba ya Bt mwaka 1996. Wakulima walipanda makimbilio, na kwa miaka kumi funza alibaki mnyonge. Kuanzia 2006 wakaongeza silaha nyingine: nondo tasa, waliomwagwa kwa ndege kwa mamilioni ili nondo wa shambani wajamiiane nao na wasipate watoto. Mwaka 2018 Marekani ikatangaza kwamba funza huyo ametokomezwa katika mashamba yake ya pamba.

India ilianza mwaka 2002. Kila mfuko wa gramu 450 za mbegu ya Bt uliuzwa na pakiti ya gramu 120 za mbegu ya kawaida, kwa ajili ya kimbilio. Wakulima wengi hawakuipanda pakiti hiyo. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba funza wa jimbo la Gujarat wameshinda protini ya kwanza ya Bt iliyowekwa kwenye pamba hiyo. Miaka michache baadaye walishinda na ya pili.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kule wamekaa wenye akili na huku wazembe. Pakiti ya gramu 120 iliyotupwa kando ilikuwa na sababu zake: shamba ni dogo, na mwenye shamba dogo akiambiwa atoe asilimia 20 anatoa kinachoonekana. Vilevile pamba ya India ni chotara, huishi shambani muda mrefu, na jeni hujigawa ndani ya kitumba kimoja. Lakini mdudu ni yuleyule na protini ya kwanza ni ileile. Mzee kasoma ukurasa huu akanyamaza, kisha akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao." Nondo hajui mpaka wa shamba. Asiyepanda kimbilio anatumia la jirani, na wakiwa wengi wa namna hiyo, anayelipa ni yule aliyelipanda.

Upande wa pili wa jambo hilohilo nimeukuta katika utafiti wa 2010 kuhusu mahindi ya majimbo matano ya Marekani, na nimefurahi kama mtoto. Bt ilipunguza funza eneo zima, hata kwenye mashamba yasiyo ya Bt. Katika faida ya dola bilioni 6.8 iliyokadiriwa kwa miaka 14, bilioni 4.3 zilikwenda kwenye mahindi yasiyo ya Bt. Maana yake ni kwamba Bt ikitumiwa vizuri na wengi, kimbilio linaliwa kidogo kuliko tunavyoogopa. Nimempigia simu yule mama kumweleza. Akasema, "Hapo sasa umetegua."

Wiki ya 7

Fupi. Sehemu ya mazao yanayostahimili dawa ya magugu: kurasa mbili, hazitaongezwa. Soya inayostahimili glaifosati, mojawapo ya dawa hizo, iliingia Marekani mwaka 1996. Mwaka 2000 gugu la kwanza sugu ndani ya soya hiyo likaripotiwa katika jimbo la Delaware. Watu wengi hudhani jeni iliruka kutoka kwenye zao kwenda kwenye gugu. Hapana. Dawa moja, shamba lilelile, mwaka baada ya mwaka, iliwachagua magugu waliokuwa na kinga yao wenyewe. Mchicha pori wa Palmer umepata usugu kwa kurudufisha jeni yake mwenyewe, mingine ikiwa na nakala zaidi ya mia. Sharti ni moja: badilisha dawa zenye njia tofauti za kuua, badilisha mazao, na palizi ya jembe isistaafishwe.

Wiki ya 8

Sehemu ya kuhifadhi mbegu. Nilidhani ni aya moja: usihifadhi. Sababu zilikuwa tayari. Chotara ikirudiwa kupandwa, mimea haifanani. Tena jeni inajigawa: mmea wenye nakala moja ya Bt ukijichavusha, robo ya watoto hawana Bt. Kwenye mahindi, ambako chavua inasafiri, gunzi moja linabeba punje zenye sumu na zisizo nayo, na funza anayehama kutoka punje hadi punje anaonja kidogokidogo bila kufa. Shule nzuri ya usugu. Na mkataba wa mbegu mara nyingi unakataza.

Kisha nikakutana na Wachina. Katika bonde la mto Yangtze wakulima walipanda mbegu za kizazi cha pili za pamba chotara, kwa sababu ni nafuu. Robo ya mimea haikuwa na Bt. Usugu wa funza wa waridi, uliokuwa umeanza kupanda, ukashuka. Utafiti ulichapishwa mwaka 2017. Walipanda kimbilio bila kukusudia, limechanganyika humohumo.

Mchana mzima nilitafuta namna ya kuliacha hilo nje. Mzee hakukubali. "Ukificha lililokusumbua, watakuja kulisikia kwingine, na kijitabu chako watafungia vitumbua." Tumeliweka, pamoja na tofauti: funza wa waridi hukaa ndani ya kitumba kimoja na pamba hujichavusha zaidi, mahindi na viwavi wanaohama ni habari nyingine. Aya moja imekuwa ukurasa na nusu.

Nimeongeza pia mistari mitatu kuhusu mipaka. Itifaki ya Cartagena, iliyoanza kutumika mwaka 2003, inahusu kuvushwa kwa viumbe hai vya GM kutoka nchi hadi nchi. Mbegu iliyoidhinishwa upande huu huenda haijaidhinishwa upande ule. Usimbebee shemeji debe la zawadi.

Wiki ya 10

Wiki ya 9 niliugua, hakuna kilichofanyika.

Mpangilio mpya, baada ya kuubishia kwa wiki kumi: ukurasa wa 1 ni kimbilio. Ukurasa wa 2 ni Arizona na India. Faida zinaanza ukurasa wa 5. Nguvu tunayoiita ya mbegu kwa kweli ni unyonge wa funza. Mbegu inanunuliwa kila msimu, unyonge huo hauuzwi popote, na ukiisha hakuna anayejua namna ya kuurudisha kwa haraka.

Kazi iliyobaki ni neno. "Kimbilio" lilimpoteza yule aliyetaka kupulizia. Nilijaribu "hifadhi", wawili wakafikiria wanyama pori. "Mistari ya akiba" ilipendwa, ila mmoja akadhani ni akiba ya mbegu, tukarudi kwenye ugomvi wa wiki ya 8. Nimewaandikia wote watano wanipe neno lao.

Yule mama kajibu kwanza: "Andika *fungu la funza*. Kila mtu akigawiwa fungu lake, hagusi la mwenzake." Mzee kakubali kabla sijamaliza kusoma. Wengine watatu wamekubali leo. Wa nne, yule wa kimya, bado hajajibu. Kesho nabadilisha neno kurasa zote, kisha naanza mchoro wa ukurasa wa 1: shamba, mistari minne ya pembeni, na bomba la dawa lililotundikwa.